Kukata manyoya ya bawa la kasuku au kumwacha aruke: mwongozo kamili kwa mfugaji

Mtu akiletewa kasuku nyumbani, swali la kwanza huwa: nimkate mabawa? Jirani atamwambia kata haraka, asije akatoka dirishani. Mwingine atamwambia ni dhambi kumnyima ndege kuruka. Mimi msimamo wangu nautoa mapema ili ujue unasoma maneno ya nani: usishike mkasi kabla hujafanya mambo mawili, kuitengeneza nyumba na kumfundisha ndege kurudi anapoitwa. Ukishayafanya hayo ukaona bado kuna hatari usiyoweza kuizuia, kata manyoya machache, pande zote mbili sawasawa, ukijua kwamba ni hatua ya muda.

Nitazungumza zaidi juu ya kasuku kijivu, yule mwenye mkia mwekundu, kwa sababu ndiye anayefugwa sana kwetu na ndiye anayeumia zaidi akikatwa vibaya. Maelezo yanawafaa pia kwaru na cherero, ndugu zake wadogo, na pale wanapotofautiana nitasema.

Kabla ya yote, hakikisha ndege wako ni halali. Kasuku kijivu ni ndege wa misitu ya Kongo, Uganda na magharibi zaidi, na kwetu wamebaki wachache sana kuelekea Kakamega na kaskazini magharibi mwa Tanzania. Tangu Januari 2017 yumo katika Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, maana yake biashara ya kimataifa ya waliokamatwa porini imepigwa marufuku. Kenya kumfuga kunataka kibali cha KWS, shirika la wanyamapori la nchi hiyo, na mwaka 2022 shirika hilo lilitoa kipindi cha msamaha ili waliokuwa nao bila karatasi wajitokeze. Tanzania wanaosimamia ni TAWA, mamlaka ya wanyamapori. Ukiuziwa kasuku sokoni ndani ya boksi, manyoya ya bawa yamekatwa kama nyasi, bila karatasi yoyote, kuna uwezekano mkubwa kwamba alitegwa msituni. Usimnunue hata kwa nia ya kumwokoa, kwa sababu pesa yako ndiyo itakayomrudisha mtegaji msituni.

Lijue bawa kwanza

Mwite mtu akusaidie, mkunjue ndege bawa moja kwa upole mchana penye mwanga. Kuanzia ncha ya nje kuja hadi kiungo cha bawa utahesabu manyoya marefu 10. Haya ndiyo yanayomsukuma mbele na kumpandisha juu. Yanayofuata kuelekea mwilini ni mafupi na mapana kidogo. Hayo humbeba hewani na kumwezesha kushuka taratibu, na hayakatwi kamwe. Juu ya mashina ya yote yamelala manyoya madogo yaliyopangana kama vigae vya paa. Nitayaita manyoya ya kufunika, na utayahitaji kama alama ya mahali pa kukata.

Sasa geuza utazame bawa kwa chini. Unyoya uliokomaa shina lake ni kavu, na karibu na ngozi ni jeupe au linapitisha mwanga. Ukiukata, ndege hasikii maumivu. Unyoya unaoota shina lake ni nene, lina rangi nyeusi ya kibuluu kwa sababu ndani mna damu, na mara nyingi bado umevaa ganda jembamba jeupe. Huu ndio unyoya wa damu. Ukiukata au ukivunjika, damu hutoka na ndege husikia maumivu makali. Mtu asiyeweza kutofautisha manyoya haya mawili asikate. Ampeleke ndege kwa daktari wa mifugo anayewajua ndege, atazame mara ya kwanza na kujifunza.

Ndege hupoteza nini akikatwa

Kuruka ndiyo kazi ya moyo wake, mapafu yake na misuli ya kidari. Kasuku anayeshinda juu ya tundu akila alizeti hunenepa, ini hujaa mafuta na mishipa ya damu hukakamaa. Maradhi haya yanajulikana sana kwa kasuku kijivu. Pia kuruka ni njia yake ya kukimbia anachokiogopa. Ukimwondolea njia hiyo, kilichobaki ni kuuma au kuvumilia kwa hofu, na hofu ya muda mrefu ni mojawapo ya mambo yanayomfanya kasuku aanze kujinyonyoa manyoya.

Kinda ndiye wa kuhurumiwa zaidi. Kinda wa kasuku kijivu huanza kuruka akiwa na umri wa wiki 12 hivi. Akikatwa kabla ya hapo hajifunzi kupima umbali, kukata kona wala kutua, na wengi wa aina hiyo hukua wazito wa mwendo na waoga. Kwa hiyo hata kama umeamua utakata, mwache kwanza aruke wiki kadhaa mpaka awe anatua vizuri anapotaka.

Halafu kuna uzito. Kasuku kijivu ana gramu 400 hadi 500. Akikatwa manyoya mengi hashuki, anaanguka, na kinachopokea sakafu ni mfupa wa kidari. Ngozi juu ya mfupa huo ni nyembamba. Hupasuka, na kila anguko jipya hufungua kidonda kilichokuwa kinafunga. Cherero mwenye gramu 50 anaweza kuanguka akainuka, lakini kijivu akianguka vibaya anahitaji kushonwa.

Hatua ya kwanza: nyumba

Zunguka chumba atakachoruka ukiwa umeinua macho. Feni ya darini izimwe kabla tundu halijafunguliwa, na swichi yake ibandikwe utepe ili mgeni asiiwashe. Madirisha yawe na wavu uliokazwa vizuri. Ule wavu laini wa mbu kasuku kijivu huutoboa kwa mdomo kwa dakika chache, kwa hiyo kwa ndege mkubwa weka wavu wa chuma. Kioo kisicho na pazia hakionekani kwake. Kibandike karatasi, kisha mchukue mkononi mara kadhaa, msogeze mpaka mdomo wake uguse kioo, ajue kwamba pale hakupitiki.

Jikoni asiingie. Sufuria ya mafuta na jiko la mkaa linalowaka kila mtu anaviona, lakini kuna hatari mbili zisizoonekana. Vikaango vyenye utando wa kuzuia chakula kisishike hutoa mvuke vikipata moto kupita kiasi, na mvuke huo huua ndege kwa dakika chache. Moshi wa mkaa kwenye chumba kilichofungwa nao humuua ndege kabla binadamu hajahisi kizunguzungu. Dawa ya kupulizia mbu isipulizwe chumbani mwake. Ndoo za maji zifunikwe, choo kifungwe. Na kwa kuwa ndege anayeruka hufika mezani mwenyewe, parachichi na chokoleti visiachwe wazi, maana ni sumu kwake.

Mlango ndio mgumu kuliko vyote, hasa kwenye nyumba zetu ambazo watoto na majirani huingia na kutoka kutwa. Dawa yake ni kuchagua saa maalumu ya kumfungulia, kwa mfano asubuhi kabla ya watu hawajaamka na jioni mlango ukishafungwa kwa ufunguo. Ukiweza, weka pazia zito ndani ya mlango, ili anayefungua asikutane na ndege uso kwa uso.

Hatua ya pili: mfundishe kurudi

Anza na neno moja la kupanda mkononi, "panda", na neno moja la kuja, "njoo". Nyumba nzima itumie maneno hayohayo. Tafuta chakula anachokipenda kuliko vyote, kipande cha korosho isiyo na chumvi au mbegu moja ya alizeti, na kiondoe kabisa kwenye bakuli lake la kawaida ili akipate tu wakati wa somo. Usimshindishe njaa. Somo kabla ya mlo wa asubuhi latosha.

Mweke juu ya mti wa kusimamia, nyosha mkono umbali wa hatua moja ya ndege, sema "njoo", akifika mpe. Ongeza umbali kidogo kidogo mpaka mguu usifike na alazimike kuruka, hata kama ni kwa kiasi cha shibiri mbili. Hapo ndipo wengi husitasita. Usimsukume wala kumtikisa mkono ili aruke, rudi karibu, kisha jaribu tena. Akishavuka pengo hilo kwa hiari yake, mita moja haichukui muda, kisha chumba kizima, kisha kutoka chumba kimoja hadi kingine akiwa hakuoni ila anakusikia. Somo liwe fupi na liishe akiwa bado ana hamu.

Mpime kila asubuhi kwa mizani ya jikoni inayosoma gramu, uandike. Uzito ukishuka kwa sehemu moja ya kumi, acha masomo na umwone daktari.

Hatua ya tatu: mfundishe kushuka

Somo hili ndilo linalosahauliwa, na kwangu ndilo lenye thamani kuliko yote. Kupanda juu kasuku hafundishwi, anajua. Kushuka kwa mteremko mkali ni ufundi mwingine: apunguze mwendo, akunjue mkia, apige mabawa kwa nyuma, achague pa kutua. Ndege aliyelelewa ndani ya chumba cha dari fupi hajawahi kufanya hivyo. Ndiyo maana akipotea hukaa kileleni mwa mwembe siku nzima akilia, anakusikia, anakutaka, lakini hajui njia ya kukufikia.

Mweke juu ya kabati, wewe simama mbali kidogo ili mteremko uwe wa polepole, mwite. Siku zinavyokwenda sogea karibu na kabati, mteremko uwe mkali zaidi. Kama nyumba ina ngazi za ndani, mwache juu nawe shuka ngazi mbili, kisha nne, kisha mpaka chini. Atatua vibaya mara za mwanzo, kwa hiyo tandika godoro. Usimalize somo mpaka ameshuka vizuri walau mara moja, hata kama ni kutoka kimo kidogo.

Hatua ya nne: amua kama kuna sababu ya kukata

Sababu ninazozikubali ni chache. Nyumba ambayo kwa kweli haiwezi kufungwa, kama vile chumba cha kupanga chenye mlango wa uani ulio wazi mchana kutwa. Ndege mzima anayewarukia watu usoni na mafunzo yameanza lakini hayajamtuliza. Au ndege mwoga mno aliyetoka mikononi mwa watu wabaya, anayejigonga ukutani kila aonapo mtu. Kama sababu yako ni kwamba anasumbua au anachafua makochi, tafuta mti wa kusimamia na gazeti la kutandika chini.

Na jambo moja lieleweke: kukata si kufuli. Ndege aliyepunguzwa manyoya akishtuka nje, upepo ukampokea, anavuka ukuta wa jirani. Tena akishatua chini huko aliko hana uwezo wa kumkimbia paka.

Hatua ya tano: kukata

Kwetu watu wengi wanajua kukata bawa la kuku, na kuku hukatwa bawa moja tu ili akiruka apinde na ashindwe kuvuka ua. Ufundi huo umehamishiwa kwa kasuku na umeua wengi. Kuku anaruka kutoka ardhini kimo kidogo, lakini kasuku yuko juu ya pazia. Akiruka na bawa moja zima, anazunguka hewani na kutua kwa ubavu au kidari bila namna ya kujizuia. Mtu yeyote, hata akiwa amesomea mifugo, akikuambia bawa moja latosha, mchukue ndege wako uondoke.

Mnahitaji watu wawili, taulo nyepesi, mkasi mkali wenye ncha butu, unga laini wa wanga wa mahindi (ule wa kuufanya mchuzi uwe mzito) na kitambaa safi. Msaidizi amfunike ndege kwa taulo kutoka nyuma, ashike kichwa kwa kuzungusha kidole gumba na cha kati chini ya mataya, mkono wa pili ushike miguu na mwili. Kidari kisibanwe hata kidogo. Ndege hana kiwambo cha kupumulia kama chetu, anapumua kwa kupanua kifua. Ukikibana unamziba pumzi, na anaweza kufa mkononi akiwa kimya. Akianza kuhema kwa mdomo wazi, mwachie, mambo yaahirishwe.

Kunjua bawa ukilishika karibu na kiungo, si kwenye ncha za manyoya. Kagua kwa chini kama kuna unyoya wa damu. Ukiwepo, afadhali usubiri wiki kadhaa ukomae. Kisha anza na unyoya wa nje kabisa kuja ndani. Kwa kasuku kijivu kata manyoya matatu tu, kwa cherero manne. Kila unyoya ukate peke yake, mkasi ukipita chini ya ncha za manyoya ya kufunika, ili kisiki kifichike humo. Kisiki kinachochomoza humchoma ubavuni, naye huanza kukitafuna, na kutafuna kukishakuwa tabia hakuondoki kirahisi. Fanya vilevile upande wa pili, idadi ileile, urefu uleule.

Wapo wanaopenda kuacha manyoya mawili ya nje kwa ajili ya uzuri na kukata ya katikati. Sikushauri. Manyoya mawili yaliyobaki peke yake hayana jirani wa kuyategemea, hivyo huvunjika.

Mwache apumzike, kisha mjaribu chumbani juu ya godoro, kutoka kimo cha kiuno. Unachotaka kuona ni ndege anayeteleza mbele mita kadhaa na kutua kwa miguu. Akipanda juu bado, ongeza unyoya mmoja kila upande, ujaribu tena. Akidondoka, umekata mno. Hakuna cha kurudisha, kilichobaki ni kumlinda: shusha miti ya kusimamia iwe karibu na ardhi, tandika mikeka au magodoro kuzunguka tundu, umwekee ngazi ya kamba apande na kushuka kwa miguu.

Kuchomoa manyoya badala ya kuyakata ni ukatili, na kukata kiungo chenyewe cha bawa ni kumlemaza maisha. Hayo hayamo katika mwongozo huu.

Unyoya wa damu ukivunjika

Usipige kelele wala kumkimbiza. Mshike kwa taulo, weka unga wa wanga kwenye shina, bana kwa kitambaa safi, mwili ukiwa huru kupumua. Damu ikikata, mweke mahali penye kiza kidogo na utulivu, asiruke siku hiyo. Isipokata baada ya dakika kumi hivi, au ikianza upya kila anapotikisa bawa, mpeleke kwa daktari mara moja, maana huenda unyoya ukahitaji kung'olewa na kazi hiyo ni yake. Ndege mdogo hana damu nyingi ya kupoteza.

Tatizo hili huwapata zaidi waliokatwa manyoya mengi. Unyoya mpya huota ukilindwa na jirani zake wazima. Wakikosekana, unachomoza peke yake, unagonga nyavu za tundu, unavunjika, mwingine unaota, nao unavunjika. Ndiyo sababu nyingine ya kukata machache.

Manyoya yanaporudi

Visiki hubaki mpaka ndege abadili manyoya. Hayadondoki yote kwa pamoja. Huenda yakaanza kurudi baada ya miezi michache, na bawa zima likachukua mwaka au zaidi kukamilika. Kunjua mabawa kila mwezi utazame. Hapa ndipo wengi hupoteza ndege: mtu amezoea kukaa kibarazani na kasuku begani, miezi imepita salama, hajui kwamba manyoya mawili matatu yamesharudi. Pikipiki inapiga honi, ndege anaondoka. Kanuni yangu ni moja kwa aliyekatwa na asiyekatwa: nje ni ndani ya tundu la kubebea, au amevaa mkanda wa kifuani alioufundishwa kuuvaa taratibu. Mnyororo au kamba ya mguuni hapana, akishtuka huvunjika mguu.

Manyoya yakirudi, usikate tena kwa mazoea. Jiulize kama ile sababu bado ipo. Kama haipo, anza masomo upya, mwanzo kabisa. Misuli yake imelegea na atachoka haraka. Huko Lwiro, Kivu Kusini nchini Kongo, kituo kinachofahamika zaidi kwa sokwe hupokea pia kasuku kijivu waliookolewa kutoka kwa wafanyabiashara. Ndege wa namna hiyo, waliokatwa ovyo na wategaji, hawawezi kurudi msituni mpaka manyoya yaote upya na nguvu ya kuruka irudi, na hiyo ni kazi ya miezi mingi kama si zaidi.

Akitoka

Usimwondolee macho. Mmoja amfuate, mwingine alete tundu lake, chakula cha somo na simu. Saa ya kwanza ndiyo yenye nafuu, akiwa bado karibu. Mwite kwa neno lilelile na sauti ileile ya kila siku. Kama ana mwenzake, mlete kwenye tundu alie. Simama mahali ambapo akishuka mteremko utakuwa mpole, hata ikibidi upande kwenye baraza au paa la jirani, badala ya kusimama chini ya mti aliomo.

Zuia watoto wasirushe mawe, waambie kuna zawadi kwa atakayemwona na kukuita bila kumgusa. Kwa Dar es Salaam, Unguja na Mombasa adui wa haraka ni kunguru, ambao humzunguka kwa kundi na kumsukuma mbali zaidi. Mtu mmoja awe na kazi ya kuwafukuza kwa kupiga makofi upande wa nje, ili kasuku asielekee huko. Ukipanda mti, panda polepole ukizungumza naye, usimtokee kwa juu.

Jua likizama atatulia alipo. Weka alama ya mti huo, na uwe chini yake kabla ya alfajiri, tundu likiwa wazi na chakula ndani. Asubuhi ana njaa, na hapo ndipo wengi hushuka. Asipoonekana, sambaza picha yake na namba ya pete ya mguuni kwenye makundi ya simu ya mtaa, waambie wenye maduka na walinzi wa usiku. Jambo moja tu lisiloonekana pichani, kama vile neno analolisema au alama ya ukucha, libaki siri yako, ili umjue aliyenaye kweli.

Ukimpata, mpe maji kwanza, kisha chakula laini, mpime uzito, kagua kidari na mabawa kama kuna jeraha, na umtenge na ndege wengine mpaka daktari amwone. Akipona na kutulia, rudia somo la kushuka, ukianzia kwenye kiti.